Mechi Ambayo Haikutazamwa na Mtu

Kuna mechi moja ambayo, ukiwauliza wanaopima, watakuambia kwamba nyumbani kwetu Mchinga haikutazamwa na mtu. Runinga iliwashwa kabla timu hazijaingia uwanjani, ikaachwa inawaka hadi filimbi ya mwisho, na mbele yake hapakuwa na kiumbe. Hivyo ndivyo habari ilivyofika Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa amekaa mbele ya runinga hiyo muda wote, kwenye kiti chake cha mninga, miguu kainyoosha juu ya mkeka, kikombe cha chai mkono wa kulia.

Sikuwepo siku hiyo, lakini naikumbuka kuliko siku nyingi nilizokuwepo. Nikiwa nashona mchana, kitambaa cheupe kikipita chini ya sindano, sebule yetu hunijia yenyewe. Jua la alasiri limeegemea ukutani, pazia la kijani linavimba na kunywea, harufu ya mikorosho iliyochanua inaingia na kutoka bila hodi. Baba yuko pale, uso kauelekeza kwenye runinga. Chini ya runinga kuna taa nyekundu, ndogo, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Inamwuliza yeye ni nani, naye hajibu.

Kisanduku chenye taa hiyo kililetwa na dada mmoja kutoka Lindi, mfanyakazi wa kampuni inayopima watazamaji wa runinga. Alifika kwa bodaboda, helmeti imeuacha ushungi wake upande, akapiga hodi, akampa baba shikamoo, akaitikiwa marahaba na kukaribishwa dafu. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi na cherehani yangu baada ya ndoa kunishinda, na nilikuwa na muda wa kuwashuku wageni wote. Huyu nilimshuku dakika chache tu. Alikunywa dafu lake lote, akaomba kijiko ale na nyama yake.

“Kwa nini sisi, mwanangu?” baba alimwuliza. “Mchinga nzima umeiona nyumba hii tu?”

“Ni kura, baba. Jina la nyumba linatoka, tunaifuata. Ingeweza kuwa Kilangala, ingeweza kuwa popote.”

Akatueleza taratibu. Kisanduku kina sikio: kinasikiliza sauti ya runinga na kujua ni chaneli gani imefunguliwa. Kisichokijua ni nani amekaa mbele yake. Ndiyo maana kinakuja na rimoti ya peke yake yenye vitufe vya namba. Namba moja baba, namba mbili mama, namba tatu mimi, zinazobaki za wageni. Ukikaa kutazama, bonyeza namba yako. Ukiondoka, bonyeza tena. Runinga ikiwashwa na hakuna aliyebonyeza, taa nyekundu inacheza mpaka mtu ajitaje, halafu inageuka kijani. Alfajiri, kisanduku kinapeleka kwa mtandao wa simu yote kiliyoyakusanya, huko Dar wanayajumlisha na ya nyumba nyingine, na wenye sabuni na soda zao wanajua mpira upi uliketisha watu wengi, na dakika ipi watu walinyanyuka. Alisema huku pwani mstari wa watazamaji wa mpira una bonde lake. Mechi ikigongana na magharibi, adhana ikilia tu, mstari unashuka, halafu unapanda tena watu wakitoka kuswali.

Baba akauliza habari za kibanda umiza, pale barabarani, ambako nusu ya kijiji hubanana kwenye mabenchi kila siku ya mpira.

“Hao hatuwapimi, baba. Tunapima majumbani.”

“Hata wakijaa?”

“Hata wakining'inia dirishani.”

Baba alicheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu nirudi. Ilikuwa furaha ya choyo kidogo, na nilimpenda kwa ajili yake. Shamba la korosho lilikuwa limeshapita mikononi mwa kaka zangu. Vikao vya kijiji vilikuwa vinaitishwa na kuvunjwa bila mtu kupita mlangoni kwake. Siku zake zilikuwa msikiti, kiti, na mpira. Na sasa binti wa watu ametoka Lindi kumwambia kwamba nyumba yake inasimama kwa niaba ya nyumba nyingi ambazo hawakuzifikia.

“Kwa hiyo nikikaa hapa,” alisema polepole, “nimekaa kwa ajili ya watu wengi.”

“Ndivyo, baba.”

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila namba moja isikose kuhesabiwa siku ya mpira. Alijipangia. Alikoga mapema, akavaa kanzu safi, kana kwamba Dar es Salaam wangemwona.

Nami nilianza kuwa na mawazo ya ajabu. Niliposikia adhana ya alfajiri, kabla sijanyanyuka kitandani, niliwaza kisanduku kimeanza kazi yake. Nilituona sisi watatu tunatoka dirishani, kila mtu na namba yake, tunapaa juu ya minazi, tunapita Kilwa iliyolala, tunavuka Rufiji, tunaingia mjini kabla ya foleni. Baba anatangulia, kanzu inapepea. Nilikuwa narudi usingizini hapo hapo, na swala ikinipita mama alinisema mpaka saa tatu.

Katika nyumba yetu baba hatanguliwi na mtu yeyote kwa jambo lolote. Hatunawi kabla yake, hatuli kabla yake, na mgeni hapewi salamu za nyumba kabla yake. Kwa hiyo kile kisanduku kilipokuja, mama hakuhitaji kuelekezwa. Kila runinga ilipowashwa alibonyeza namba moja kwanza, ndipo wengine tufuate. Kama baba hayupo, alibonyeza vilevile. Angewezaje kujitanguliza yeye, namba mbili, mbele ya mwenye nyumba?

Haikupita muda yule dada akapiga simu, sauti yake imejaa kicheko anachokizuia.

“Dada, samahani. Mzee wetu anapenda sana katuni za asubuhi?”

Nikamweleza: katuni ni za watoto wa jirani, kidole ni cha mama. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba kwa heshima kila mtu abonyezewe akiwepo tu. Mama alilikubali hilo shingo upande. Njia aliyoipata ni kuuliza kwa sauti kutoka uani, “Mzee, upo?” na baba akiitika, “Nipo,” mama anaingia kumbonyezea. Hivyo baba hakuwahi kuigusa ile rimoti. Hakuna aliyeona ajabu, kwani hata sukari ya chai yake hakuwahi kuikoroga mwenyewe.

Kuhusu namba mbili, mama aliitumia kwa tamthilia tu. Mpira alisema hautazami. Siku za mechi alisimama mlangoni, kati ya sebule na ua, mwiko mkononi, akisema anapita. Kupita huko kulimaliza kipindi chote cha pili. Nikimwambia, “Mama, nikubonyezee,” alinijibu, “Ya nini? Mimi napita tu,” na macho yake yako kwa kipa.

Basi siku ya ile mechi, watani wa jadi wanakutana na nchi nzima imetulia, kulikuwa na harusi Kilangala kwa upande wa mama. Baba alisema goti linamsumbua. Tulijua goti lake ni mpira, tukamwacha. Mama alimwashia runinga mapema, akamwekea chai mkono wa kulia na rimoti ya kisanduku juu ya kigoda, akamwambia, “Timu zikiingia ubonyeze mwenyewe, cha kwanza kabisa juu.” Baba akasema amesikia.

Tuliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Baba alikuwa kwenye kiti, kachangamka, akatusimulia mechi nzima kabla hatujavua viatu. Bao la kwanza la penalti, beki kaunawa. Bao la pili kichwa, krosi kutoka kulia, kipa kasimama tu. Alisimulia vizuri hata mama alisahau kumpa ubwabwa wa harusi. Hakuna aliyetazama kisanduku.

Siku chache baadaye nikiwa na vipande vya gauni la bibi harusi mwingine mapajani, simu ya yule dada ikaingia. Safari hii hakuwa na kicheko.

“Dada, siku ya mechi kubwa mliondoka mkaacha runinga inawaka?”

“Tuliondoka, lakini baba alikuwepo.”

“Alikuwa chumbani kwake?”

“Alikuwa mbele ya runinga. Katusimulia mabao yote.”

Kisha akasema, kwa uangalifu wa mtu anayevuka tope, “Kwetu hapa hakuna mtu, dada. Hakuna namba iliyobonyezwa. Basi ile taa nyekundu itakuwa ilimcheza usoni mechi nzima.” Akaongeza kwamba ofisi imemtaka aje kuhakikisha, maana nyumba isiyobonyeza, kisanduku chake huhamishiwa nyumba nyingine.

Nilibaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Cherehani ilikuwa kimya. Mambo yalianza kunijia moja moja. Baba analalamika kwamba watangazaji wa runinga ni wavivu, wa redio zamani walikuwa wanakupa mpira ulipo, hawa wanasema tu jina la mchezaji na kunyamaza. Baba anauliza, kama anayetania, leo wamevaa jezi gani. Baba anageuza shavu kwenye runinga badala ya uso, nami nikidhani ni uzee wa shingo. Nilimkasirikia. Nasema ukweli, hasira ndiyo iliyotangulia. Kisha nikalia juu ya gauni la watu.

Nilimkuta mama uani anachambua mchele. Nilipomwambia hakuinua kichwa. Alijibu kwa Kimachinga, lugha anayoitumia anapotaka jambo libaki ndani ya nyumba, kwamba nipunguze sauti. Halafu akanieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kimachinga changu ni cha kuombea maji tu.

“Najua. Alianza kupoteza pembeni, kidogokidogo, sasa hata mbele hakuna kitu. Ananiomba kila siku nisiseme. Anachoogopa ni kushikwa mkono kupelekwa msikitini, watu wakimpisha njia. Anasema siku hiyo atakuwa hayupo tena, atakuwa mzigo unaopitishwa.”

Ndipo nikaelewa kwa nini chai hukaa mkono wa kulia siku zote, mshikio wa kikombe umeelekezwa kwake. Nikaelewa kwa nini mama alinikataza nisihamishe kigoda. Kwa nini kila jioni alitoka naye hadi kona ya msikiti, “anakwenda dukani,” na duka liko upande wa pili.

“Huyo binti akija,” mama alisema, “nitamwambia mzee alitoka. Yaishe.”

Uongo huo ulikuwa mwepesi na ungefaa. Mtu aliyetoka hana haja ya kuona taa. Siri ya baba ingebaki, kisanduku kingebaki, na ile mechi ingebaki kama walivyoipokea, haikutazamwa na mtu.

Alikuja mchana wa joto, kijiji kimesinzia. Bahari ilikuwa imekupwa, kimya chake kinafika hadi ndani. Runinga imezimwa. Yule dada alikaa kwenye mkeka, baba kwenye kiti chake, mama mlangoni mahali pake, mimi kwenye kizingiti cha chumba. Alianza na habari za afya na za mvua, akazunguka sana, nikaona jinsi swali lenyewe lilivyomwia zito.

“Baba,” alisema mwisho, “siku ya mechi kubwa, ulikuwa unatazama?”

Mama akawahi. “Siku ile mzee alitoka kidogo.”

Pazia likavimba, likanywea. Baba alikuwa anapapasa mkono wa kiti, pale mninga ulipolainika kwa miaka ya kiganja chake. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake. Kilichotakiwa ni kuitika tu, na alijua. Nilimwona anajua. Nilitamani aitike, na nilitamani asiitike, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

“Sikutoka,” baba alisema. “Nilikuwepo tangu wanaingia mpaka wanatoka.”

“Basi taa, baba? Ilikuwa inakuita.”

“Nilipapasa kitufe, nikadhani nimebonyeza. Taa sikuiona.” Akaacha kupapasa kiti. “Siioni, mwanangu. Na wewe sikuoni. Binti yangu yule pale namsikia anapenga kamasi ndiyo najua yupo. Lakini mpira ule niliutazama. Bao la pili lilikuwa la kichwa. Mpira wa kichwa una kimya chake, watu wote wanavuta pumzi ukiwa hewani, halafu ndiyo kelele. Nililijua kabla ya mtangazaji. Usiniandike sikuwepo.”

Mama alikaa chini pale pale mlangoni, mwiko mapajani. Yule dada alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, na aliposema sauti yake ilikuwa ya kazi kabisa, nami nikamshukuru kwa hilo.

“Utaratibu wetu, baba, ni mtu kuwa mahali ilipo runinga na kuufuatilia mpira. Anayefuatilia anahesabiwa. Haujataja macho.”

“Basi andika.”

“Hesabu ya siku ile imeshakwenda. Zikishaondoka alfajiri hazirudishwi. Kwao itabaki hivyo. Lakini kuanzia mechi ijayo, namba moja ni yako.”

Baba alitikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayezoea uzito wa kitu begani. Ile mechi ilimwuma. Miezi baadaye ungemsikia anaguna, “Na ile ya watani hawakunihesabu,” kwa uchungu wa mtu aliyenyimwa penalti halali.

Tulimpeleka hospitali Lindi. Tulikuwa tunaomba iwe mtoto wa jicho, maana huo hutolewa. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba kilichokwenda kimekwenda, dawa ya matone ni ya kulinda kile kidogo cha mwanga kilichobaki. Baba aliuliza swali moja tu, kama matone yanavunja funga ya Ramadhani. Tulirudi, na jioni hiyo nilimshika mkono hadi msikitini mbele ya watu. Watu walimpisha njia, kama alivyoogopa. Mmoja wao akamwuliza habari za ile mechi ya watani, wakasimama pale wanabishana juu ya kuotea mpaka imamu akakohoa.

Kwenye rimoti ya kisanduku nilibandika ushanga mmoja kwa gundi, juu ya namba moja. Nilimpa aupapase. Alisema ni mdogo. Nikamwambia hata macho ya wazima ni madogo, akacheka.

Mechi iliyofuata ilichezwa alasiri. Nakumbuka upepo wa siku hiyo, mwepesi, unanukia moshi wa samaki. Niliwasha runinga, taa nyekundu ikaanza kucheza. Mama alikuwa uani. Kwa mazoea akauliza, “Mzee, upo?” na nikasikia nyayo zake zinakuja, kisha zinasimama mlangoni, mahali pake.

“Nipo,” baba alisema. “Leo niache mwenyewe.”

Akaichukua rimoti kwenye kigoda. Kidole gumba kikautafuta ushanga, kikaupata, kikakaa juu yake. Nikasubiri taa igeuke. Haikugeuka. Kidole kilikuwa kimetulia, na baba kageuza shavu upande wa mlango, anasikiliza. Kisha kidole kikauacha ushanga, kikateleza chini kitufe kimoja, kikabonyeza.

Taa ikawa kijani. Kwenye kisanduku ikatokea namba mbili.

“Umekosea, baba,” nilisema. “Hiyo ya mama.”

“Sijakosea. Amesimama hapo miaka yote hii akijidai anapita.” Akaurudia ushanga, akabonyeza yake. “Njoo ukae, mke wangu. Wanaingia uwanjani.”

Mama aliutazama mwiko wake kana kwamba hajui umefikaje mkononi. Akauweka chini, akavuka sebule, akakaa kwenye mkeka karibu na mguu wa kiti, na ilipofika kona ya kwanza yeye ndiye aliyeanza kumweleza baba mpira ulipo.